UZI: Timu ya taifa iliyokosa Kombe la Dunia kisa imegoma kusafiri na pasipoti ya watu wengine

KasuluBoy315
Wakuu habari za usiku, huku kwangu ni usiku, huko najua mshakunywa chai. Miaka mingi nasoma humu kimya kimya, leo nimeona niweke uzi maana hii kitu imenikaa na kazini hakuna wa kumsimulia kwa Kiswahili.

Naishi Syracuse, jimbo la New York. Siyo New York ya maghorofa, ni huku juu kwenye theluji, masaa manne na kitu kwa gari. Tupo wengi tuliotoka kambini, Wakongomani, Warundi, Wasomali Bantu. Mimi nimezaliwa Nyarugusu pale Kasulu, wazee wametokea Fizi, huku nimefika 2015.

Sasa ukishika barabara ya kusini kutoka mjini, hata robo saa haiishi, unakuta kibao kinakwambia unaingia Onondaga Nation. Mimi nikajua ni jina la mtaa tu kama Sinza au Mwanga. Kumbe kwa wenyewe pale umeshatoka Marekani. Wana machifu wao, baraza lao, na hao machifu wanateuliwa na wamama wa koo, mama akiona chifu anazingua anamvua. Ni moja ya mataifa sita yaliyoungana zamani sana: Mohawk, Oneida, Onondaga, Cayuga, Seneca na Tuscarora. Wazungu wakawaita Iroquois, wenyewe wanajiita Haudenosaunee, watu wa nyumba ndefu.

Na wana timu ya taifa. Siyo ya soka. Ya lakrosi, na wako kwenye tatu au nne bora duniani miaka mingi sasa wakati watu wenyewe hata wilaya moja ya kwetu hawajazi. Hiyo timu ndo nataka niwasimulie. Naandika kwa simu nikiwa break mnivumilie.

Mzee wa Nyama Choma
Nimeweka kambi hapa. Leteni viti.

binti_tanga
Lakrosi ndo nini tena? Ule mchezo wa wazungu wa kukimbia na kikapu cha kuvulia dagaa?

KasuluBoy315
@binti_tanga hahaha ndo huo huo, ila siyo wa wazungu, hapo ndo uzi unapoanzia.

Ni fimbo ina kichwa cha wavu, mpira wa raba mgumu unatosha kiganjani, unaudaka kwa wavu unakimbia nao unampasia mwenzako au unachapa golini. Uwanja wa nje wanacheza kumi kwa kumi na kipa ndani yake. Mashuti ya hawa wakubwa yanapita kilometa 150 kwa saa, na kuna kupigana fimbo za mikono kihalali kabisa. Kuna na wa ndani ya ukumbi, wachezaji sita, kuta pembeni, mtu anabamizwa ukutani refa anaangalia tu.

Jina ni la Wafaransa, mapadri wao miaka ya 1630 waliona watu wa asili wanacheza na hizo fimbo wakaziita la crosse. Kwa Haudenosaunee wenyewe mchezo ni zawadi ya Muumba na ni dawa. Mtu akiumwa sana kijiji kinaweza kuchezesha mechi kwa ajili yake, hawahesabu nani kashinda. Mtoto wa kiume anapewa kifimbo angali mchanga, na mwanaume akifa anazikwa na fimbo yake. Jamaa mmoja Mwonondaga nafanya naye kazi kwenye ghala, tumwite Jirani, aliniambia babu yake alikuwa anasema akifika huko juu hata hajakaa chini ataulizwa fimbo iko wapi.

Hiyo fimbo ya kale nimeishika. Ilikuwa kwenye buti la gari lake imefungwa kwenye taulo. Ni mti mgumu sana unaitwa hikori, unapasuliwa gogo, unatiwa mvuke mpaka unakubali kupinda, unaachwa ukauke miezi na miezi, halafu ndo unachongwa. Wavu ni kamba za ngozi. Nzito kuliko nilivyodhani, na inanuka ngozi na moshi kama mlango wa jikoni kwa bibi. Ikikugonga goti hiyo wewe siyo mchezaji tena.

Mangi_Mkavu
Simba na Yanga wakipewa hizo fimbo pale kwa Mkapa hatutamaliza kipindi cha kwanza. Ambulensi zipange foleni mpaka Mtoni.

Bwana_Hesabu
Mkuu punguza hadithi za bibi, nenda kwenye kichwa cha uzi. Pasipoti.

KasuluBoy315
Nakuja, lakini lazima ujue hili kwanza ndo utaelewa hasira yao.

1867 daktari wa meno wa Montreal anaitwa William George Beers akaandika sheria za mchezo, akabadili mpira, akapanga idadi ya wachezaji. Sawa, alifanya kazi. 1876 wakachukuliwa Mohawk wa Kahnawake mpaka Uingereza wakacheza mbele ya Malkia Victoria. Halafu 1880 chama cha Canada kikawapiga marufuku wachezaji wa asili, eti wao ni wa kulipwa na mchezo ni wa ridhaa! Hela yenyewe ilikuwa ni nauli maana hawakuwa nayo. Yaani umenikuta nacheza ngoma yangu uani kwangu, umeiandikia kanuni, halafu unanitoa uani.

Olimpiki ya 1904 St. Louis timu ya Mohawk ilishika nafasi ya tatu. 1908 ikachezwa London, baada ya hapo mchezo ukatoka kwenye medali kabisa.

Miaka inaenda mpaka 1983. Mzee mmoja wa Onondaga anaitwa Oren Lyons, mtunza imani wa kwao, enzi za ujana wake alikuwa kipa wa chuo cha Syracuse, ile timu ya 1957 haikufungwa hata mechi moja na alikuwemo Jim Brown yule yule wa futboli ya Kimarekani. Mzee na wenzake wakasema tunaunda timu ya taifa, siyo timu ya kabila ndani ya Marekani, TAIFA. Wakapambana na shirikisho la dunia mpaka wakakubaliwa, na 1990 wakaenda Kombe la Dunia Perth, Australia. Na pasipoti zao wenyewe. Australia ikagonga mhuri, wakaingia, wakacheza.

Muda wa kazi umefika, narudi baadaye.

Mzee wa Nyama Choma
Huyu naye kama tamthilia za Kituruki, anakatia pale pale.

Kla_Boy
Banange mimi wa Kampala, Kiswahili changu mnisamehe. Hii mchezo sisi tunaijua! Uganda ndiyo ilikuwa taifa la kwanza la Afrika kucheza Kombe la Dunia la lakrosi, 2014 kule Denver. Nyie mnasema ya wazungu wakati sisi tulikuwa huko. Mimi nilijaribu nikiwa chuo, fimbo zilikuwa kidogo kuliko watu, unacheza dakika kumi unampa mwenzako na fimbo na glovu imelowa jasho lake, unavaa hivyo hivyo. Nilipigwa kidole hii ya shahada mpaka leo haikunji vizuri.

Wakadinali_wa_Thika
Wasee wa Uganda kwa raga na kwa hii pia mnatutoa jasho, ni sawa tu, tutawapata.

KasuluBoy315
Nimerudi. @Kla_Boy asante sana, hiyo ya Uganda nilikuwa nataka niiweke mwisho umeniwahi. Denver 2014 hawa Haudenosaunee nao walikuwepo, nitafika.

Haya, 2010. Kombe la Dunia Manchester, Uingereza. Jamaa wameshika nafasi ya nne mara tatu mfululizo, 1998, 2002, 2006, na safari hii wanajisikia kabisa kwamba medali hii hapa. Wachezaji 23 wamefika New York City kupanda ndege wakaambiwa ngojeni kwanza.

Pasipoti za Haudenosaunee wakati ule zilikuwa na sehemu zimejazwa kwa mkono, hazina zile alama za kisasa, na tangu Septemba 11, 2001 mambo ya mipaka yalishabana kila kona. Uingereza ikasema tunataka uhakika kwamba Marekani itawapokea wakirudi. Marekani ikasema jamani si mchukue pasipoti zetu, tunawatolea chapchap mnaondoka. Wakagoma. Siku zinakatika, hoteli inadai, mazoezi wanafanya huku simu iko sikioni. James Cameron, yule mwongozaji wa sinema, akawachangia dola 50,000. Mwisho Hillary Clinton, ndo alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje, akatoa kibali cha mara hiyo moja tu kwamba watarudi bila shida. Watu wakashangilia, mabegi yakabebwa tena.

Waingereza wakasema hapana.

Mechi yao ya kwanza ilikuwa na wenyeji England, mechi ya ufunguzi. England wakapewa ushindi wa mezani. Haudenosaunee wakarudi makwao, na Jirani anasema walivyorudi mtaani hakuna aliyewaambia poleni, watu walikuwa wanawaambia hongereni. Mimi hapo ndo niliposhindwa kuelewa, nikamwambia hongera ya nini sasa, hamjacheza! Akanitazama kama mtu anamtazama mtoto aliyeuliza kwa nini jua halishuki chini tukalishika.

Bwana_Hesabu
Na mimi nauliza hivyo hivyo. Huu ni ujinga wa heshima. Umeandaa timu miaka minne, kijana wa miaka 28 hiyo ndo nafasi yake ya mwisho, unamnyima kombe kwa sababu ya kijitabu? Chukua cha Marekani, ingia, cheza, pandisha bendera yako uwanjani, rudi. Pasipoti ni karatasi ya kuvukia mpaka, siyo katiba.

Mpemba_Halisi
@Bwana_Hesabu wewe wa bara huwezi kufahamu jambo hili. Sie Wazanzibari tunalijua vyema. Mwaka 2017 mwezi wa tatu CAF ilituingiza uanachama, watu walilia kwa furaha, mwezi wa saba wakatutoa. Miezi minne! Ati hatukustahiki kuingizwa. Na mwaka huo huo tukafika fainali ya Chalenji kule Kenya, tukafungwa kwa penati. Timu tunayo, bendera tunayo, wimbo tunao, hatuna kiti.

Mangi_Mkavu
Tayari, uzi wa fimbo umeshageuka wa Muungano. Modereta uko wapi

Mpemba_Halisi
Si Muungano mie nazungumza mpira. Ukiona umekuwasha ujue pana kitu.

KasuluBoy315
Tusitoke kwenye reli wakuu, ingawa @Mpemba_Halisi umenigusa.

@Bwana_Hesabu hoja yako ni nzito na nilikuwa nayo hivyo hivyo. Ila sikiliza. Kwanza hizo pasipoti siyo za juzi. 1923 chifu wao mmoja wa Cayuga anaitwa Deskaheh alisafiri nayo mpaka Geneva kuishtaki Canada pale Shirikisho la Mataifa. Hawakumsikiliza, lakini alifika. Pili hawa wana mkataba na Marekani wa mwaka 1794, wa Canandaigua, wakati wa Rais Washington, na mpaka kesho kila mwaka serikali ya Marekani inawapelekea vitambaa kama ilivyoandikwa. Hela ndogo sana siku hizi, kitambaa chepesi, lakini hawataki kibadilishwe kiwe pesa maana kitambaa ndo ushahidi kwamba waliandikishana nchi kwa nchi. Tatu angalia wachezaji wenyewe: wengine wanatoka Onondaga upande wa New York, wengine Grand River kule Ontario, na pale Akwesasne mpaka wa Marekani na Canada umepita katikati ya kijiji. Ukisema kila mtu achukue pasipoti ya alipo unapata nusu Wamarekani nusu Wakanada. Timu imeishia hapo. Sasa Uingereza ikishaandika kwenye kompyuta yake kwamba wameingia Wamarekani kumi na kadhaa na Wakanada wengine, wanacheza kama taifa gani?

Bwana_Hesabu
Hiyo ya tatu nakubali, sikujua wamegawanyika mpakani. Hizo mbili bado nasema kijana wa miaka 28 kaonewa. Aliulizwa yeye?

KasuluBoy315
Swali zuri na sina jibu la kila mmoja. Ila hakuna hata mmoja aliyechomoka akachukua ya Marekani akapanda ndege.

da_Mwanahamisi
Mimi swali langu tofauti. Umesema wamama wanateua machifu, halafu fimbo ni za wanaume tu tangu uchanga mpaka kaburini. Wanawake wako wapi kwenye huu mchezo?

KasuluBoy315
Dada umepiga penyewe. Kwa mila yao ile fimbo ya mbao mwanamke haigusi kabisa, hata ikiwa imeegeshwa ukutani anaipita mbali, wanasema inaharibu dawa yake. Miaka ya themanini wasichana walipoanza kucheza wazee walikuja juu na kukawa na mgogoro kweli. Leo wana timu ya taifa ya wanawake na inakwenda Kombe la Dunia, wanacheza na fimbo za kisasa za plastiki na chuma. Jirani ana binti wa miaka tisa anacheza. Nikamuuliza na ile ya kwenye buti? Akasema "ile hapana" akafunga buti. Sikuendelea.

da_Mwanahamisi
Kumbe hata huko kuna "ile hapana". Endelea kaka.

KasuluBoy315
Baada ya 2010 ndo raha inaanza. 2014 Denver, ile ya Uganda, wakamchapa Australia 16 kwa 5 wakabeba shaba, medali yao ya kwanza kwenye lakrosi ya uwanjani. Mwaka huo huo ndugu wawili wa familia ya Thompson, Lyle na Miles, wanatoka hapa Onondaga, walishinda kwa pamoja ile tuzo ya mchezaji bora wa vyuo Marekani, haijawahi kwenda kwa mtu wa asili kabla yao. Lyle akairudia 2015 peke yake. Ukimwona utamjua, nywele zimesukwa mkia mmoja mrefu mpaka kiunoni, akigeuka mkia unafika baada yake. Mimi nimeangalia video zake mpaka mke wangu akauliza kama nimebadili dini.

2018 Netanya, Israel, safari ikasumbua tena mpaka dakika za mwisho, wakafika, Australia tena, 14 kwa 12, shaba. 2023 San Diego, Australia TENA, 11 kwa 6, shaba. Waaustralia wakiona zile jezi za zambarau za Haudenosaunee nadhani wanasikia tumbo. Na wa ndani ya ukumbi ndo usiseme, fedha 2003, 2007, 2011, 2015, 2019, kila fainali hapo walikutana na Canada, kila fainali Canada.

Ila 2015 ndo naipenda kuliko zote. Hayo mashindano ya ukumbini waliyaandaa wao, hapa hapa Onondaga. Timu zinatoka Ulaya na wapi, zinakuja na pasipoti zao, na Onondaga wakawagongea mhuri. Miaka mitano tu baada ya Manchester. Mimi nilikuwa ndo kwanza nimeshuka kwenye ndege mwaka huo, sijui A wala B, nagombana na theluji, na kilometa chache kutoka chumbani kwangu kuna watu wanagonga mihuri kwenye nchi ambayo ramani ya shuleni haikunionyesha.

Wakadinali_wa_Thika
Hiyo ya stempu imeweza buda 🔥 Na Olimpiki je? Niliskia LA 2028 lakrosi imerudi

KasuluBoy315
Imerudi ndiyo, waliipitisha Oktoba 2023, ule mchezo mfupi wa sita kwa sita, robo nne za dakika nane. Shida ni ile ile. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki inataka nchi yenye kamati yake ya Olimpiki, na Haudenosaunee hawana. Desemba 2023 Rais Biden alisimama akasema wapewe nafasi wacheze chini ya bendera yao, kamati ikajibu kwamba wachezaji wanaweza kuchezea Marekani au Canada. Yaani ukumbi wa 2010 umebadilishwa mapazia tu.

Na lilishawahi kutokea lingine linalofanana. Michezo ya Dunia ya 2022 kule Birmingham, Alabama, mwanzoni waliachwa nje. Watu wakapiga kelele, wakaruhusiwa, lakini nafasi zimejaa. Ireland wakajitoa wenyewe, wakasema nafasi yetu wapeni hao. Wachezaji walioshafuzu hao! Waairishi wana historia yao na watu wa asili, 1847 wakifa njaa kabila la Choctaw liliwachangia wakati lenyewe limetoka kufukuzwa kwenye ardhi yake. Choctaw siyo Haudenosaunee, lakini Muairishi hasahau.

Bwana_Hesabu
Ireland nawavulia kofia. Hapo hesabu zangu zimegoma.

Mzee wa Nyama Choma
Mkuu hujatuambia kwa nini ilikukaa. Ulisema mwanzoni kuna kitu kimekukaa. Watu wazima tunasoma mpaka chini.

KasuluBoy315
Mzee hukosei.

2019 bibi yangu aliugua Kigoma. Wakati huo sijawa raia, nina ile hati ya kusafiria ya mkimbizi. Nikakata tiketi, kwenye uwanja mmoja wa kuunganisha ndege, siutaji, dada wa kaunta akaishika hati yangu akaigeuza nyuma mbele, akaita mwenzake, mwenzake akaita bosi wake. Wanaulizana mbele yangu kama mimi sipo. "Hii ni ya nchi gani?" Nikawaambia haina nchi ndo maana ikaitwa hivyo. Nikawekwa kwenye kiti cha plastiki masaa sita, ndege ikaondoka naisikia. Nilifika Kigoma nimechelewa siku mbili. Bibi nilimkuta, namshukuru Mungu, ila hakunitambua tena.

Niliporudi kazini nikamsimulia Jirani tukiwa tunakula kwenye ngazi za nyuma. Hakusema kitu. Kesho yake akaja na pasipoti yake ya Haudenosaunee kwenye mfuko wa jaketi, akasema lete na yako. Nikaitoa kwenye kabati langu. Tukabadilishana. Akawa anafunua yangu taratibu ukurasa kwa ukurasa, na mimi yake, mikono yetu ina mafuta ya kuku. Yake ilikuwa na mihuri miwili tu. Akanionyesha mmoja kwa kidole akasema hawa walituelewa.

Mimi uraia niliupata 2021, na pasipoti ya Marekani usiku wa kwanza nililala nayo chini ya mto, siwafichi. Nilimwonyesha akanipa mkono akacheka, akasema sasa utapita kila mahali. Na bado hakuna siku aliyonishauri niikatae wala mimi sijawahi kumshauri aichukue.

Kengele imelia wakuu. Jumamosi kuna mechi ya vijana pale ukumbini, binti yake anacheza, nitapiga picha nitupie humu.

binti_tanga
Ya kikapu cha dagaa naomba nifutiwe. Tunasubiri picha.

Kla_Boy
Muulize Jirani kama Denver aliona Uganda. Jezi nyeusi, njano, nyekundu. Muulize tu.